Pombe ya Mwanamke Aliyenyolewa

Naanza na wenye makosa, maana nikianza na mimi mwenyewe nitalia na sitafika mbali.

Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Wa pili ni yule aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji chetu wakati huo, aliyewalaza lambalamba nyumbani kwake na kuwachinjia kuku kama wakwe. Wa tatu ni mama mmoja wa jumuiya yetu, niliyekuwa nakaa naye mkeka mmoja tukisali rozari, halafu siku ilipofika akashika beseni nywele zangu zikiangukia humo. Majina yao siandiki. Si kwamba nawaogopa. Wakisomewa haya watajijua, na majirani zao watawajua, hiyo inanitosha. Kijiji chenyewe kiko huku juu Ufipa, upande wa kwendea Mwazye. Sisemi zaidi.

Kwa asiyewajua lambalamba, ni watu wanaozunguka vijijini wakijidai kuwatambua wachawi. Wanaitwa, wanalishwa, halafu wanapita nyumba kwa nyumba na vioo vyao na pembe zao, wanachimbua vitu. Kwangu walichimbua kifurushi cha kitambaa chekundu chini ya kizingiti. Kizingiti hicho nilikifagia kila asubuhi tangu nilipoolewa. Udongo wa hapo ulikuwa umechimbwa juzijuzi tu, hata kuku angeona. Lakini siku ile watu wote walikosa akili ya kuku.

Mume wangu alikuwa amefariki kwa kifua. Alikohoa masika nzima, tukampeleka zahanati, tukampeleka hospitali, akarudi amekonda, akaondoka. Rangi ya msalaba wake haijakauka, shemeji akaja kuniuliza shamba la bondeni, lile la udongo mweusi karibu na kijito, nitalilimaje peke yangu. Nikamjibu nitaita watu kwa pombe, watalima, kama wajane wengine wanavyofanya. Akacheka, akasema, "Haya shemeji, tutaona hiyo pombe yako atakunywa nani." Maneno hayo niliyachukulia kama utani. Shemeji si mtu wa kutaniana naye?

Walininyolea uwanja wa mpira wa shule, mchana, jua kali. Hawakuninyoa peke yangu, tulikuwa na wazee wengine, lakini mimi ndiye niliyekuwa bado na nguvu, kwa hiyo watu waliniangalia mimi. Wembe haukuwa mpya. Walininywesha dawa kwenye jagi la plastiki, ina ladha ya mizizi na chumvi. Binti yangu alikuwa darasa la saba mwaka huo, amesimama karibu na goli na wenzake. Nilimwona anatazama chini, anachora udongoni kwa kidole cha mguu.

Walipomaliza, mkubwa wao akanishika bega, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mama, sasa umesafika. Kuanzia leo wewe ni mtu mpya. Uanze maisha upya, na watu wakupokee."

Nikasema asante.

Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Watu wakiniuliza wanadhani naona aibu kwa kichwa kile kilichonyolewa. Kichwa kilinyolewa na wenye mikono yao, nywele ziliota. Ila asante ile ilitoka kinywani mwangu mwenyewe, tena niliisema kwa adabu, nimepiga goti kidogo kama nimepokea zawadi.

Na baya zaidi, niliamini. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, nikaishia kuchunga mbuzi wa baba, na nilifikiri mtu mkubwa akisema mbele ya kijiji kwamba watu wakupokee, basi watakupokea. Nilichukua ruhusa ya kuanza maisha kutoka kwa watu walewale walioyavunja. Sijui kama kuna mjinga wa kunizidi.

Basi nikaloweka ulezi. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho, na huku kwetu huo ndio wakati wa kulima ntumba. Ntumba ni yale matuta ya duara: unalaza majani, unayafunika kwa udongo uliogeuzwa kwa jembe, yanaoza humo ndani, unaweka maharage juu yake, na mvua za mwaka unaofuata unalisambaza tuta na kumwaga ulezi. Ni kazi ya mgongo. Mtu mmoja hawezi kumaliza shamba, ndiyo maana tunapika kimpumu, pombe ya ulezi, na kuita watu. Wanalima asubuhi, mchana wanakaa kuzunguka chungu, unawamiminia maji ya moto juu ya kimea, wanavuta kwa mirija, wanaimba, wanatukanana vizuri, wanarudi kulima. Sharti ni moja: mwenye pombe ndiye anayevuta wa kwanza, mbele ya macho ya wote, ili waone haina kitu. Mpishi asiyeonja hana wageni.

Nilipika pombe nzuri. Hata kwa chuki yote niliyonayo, siwezi kuisema vibaya pombe ile. Nilipita nyumba kwa nyumba kuwaalika, na kila nyumba waliitikia, "Tutakuja mama, tutakuja." Nikapeleka chungu shambani, nikapanga mirija, nikachemsha maji. Nikakaa.

Jua likapanda. Watu walipita barabarani na majembe, wanaenda mashamba mengine, wananisalimia kwa mbali. Yule mama wa beseni alipita, akaniambia, "Za asubuhi, mwenzangu," na akaongeza mwendo. Nikafikiri labda wanasubiri waone nimeonja. Nikauchukua mrija, nikavuta. Nikageuza uso upande wa barabara ili wanaopita waone koo langu linameza. Nikavuta tena. Mwanamke mzima, kichwa kama yai, anajinywesha pombe yake mwenyewe mbele ya njia tupu. Naandika hivi uso unaniwaka.

Aliyekuja ni shemeji. Alisimama, jembe begani, akatazama chungu, akatazama shamba.

"Shemeji, aliyesafishwa anakaa kimya. Hapigi mbiu ya kuita watu."

"Walisema watu wanipokee."

"Wamekupokea. Si upo hai?" Akacheka kidogo kwa pua. "Mwaga hiyo. Usituletee maneno."

Nikamwaga. Kwa mikono yangu, yeye anatazama. Nguruwe wa jirani walikuja wakanywa, wakalewa, wakalala mtaroni wakikoroma, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Hilo halikusemwa popote kijijini. Msimu uliofuata shemeji ndiye aliyelima shamba la bondeni. Mimi nilikuwa nimeshapanda lori la mahindi kuja Sumbawanga na binti yangu, na godoro limefungwa kwa kamba ya katani.

Mjini sikuanza maisha. Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu wanapenda kusema, alikimbia akaanza upya. Mimi niliendelea kukaa pale pale uwanjani, ila chini ya bati jingine. Nilipata kibarua cha kuchambua maharage kwenye ghala la nafaka, tunakaa wanawake chini kwenye maturubai, tunatoa mawe na mbegu mbovu mpaka vidole vinakuwa vyeupe kwa vumbi. Kichwa changu hakikuonekana na mtu, nimefunga kitambaa chini ya kitenge. Mtu akiniambia sogea, nasogea. Akiniambia nipe ungo wako, nampa. Wakinisingizia nimekosea, nasema samahani kabla hawajamaliza. Mwenye nyumba aliponipandishia kodi nilimshukuru. Ile asante ya uwanjani ilikuwa imenikaa mdomoni kama kigugumizi. Binti yangu alikua akiniona hivyo, akaolewa Laela, na siku ya kuondoka aliniambia, "Mama, mimi sitafunga kitambaa." Sikumuuliza ana maana gani.

Pale ghalani alikuwepo mama mmoja wa Muze. Muze iko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, kuna joto, na yeye alikuwa hajauzoea upepo wa huku juu. Alivaa masweta mawili na juu yake koti la mwanaume. "Huku kwenu Mungu alitoka akasahau kufunga mlango," alikuwa anasema kila asubuhi, na kila asubuhi watu walicheka kana kwamba ni mara ya kwanza. Aliongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Alinipenda, sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa simkatizi.

Siku moja gari la mahindi lilishusha mzigo, na nyuma ya mzigo akashuka yule mama wa beseni. Amenenepa, ana simu shingoni. Nikainamisha uso kwenye maharage. Akanipita, akasimama, akarudi.

"Kumbe uko hapa!" akasema, wote wanasikia. "Hee. Na nywele zimeota vizuri."

Hakusema zaidi ya hapo, na hakuwa na haja. Wanawake wa huku wanajua mwanamke wa makamo ananyolewa kwa mambo gani. Nikasikia punje za maharage zikigonga ungo wa mtu mmoja aliyekuwa hajaacha kupepeta.

Mama wa Muze akanyanyua kichwa. "Na wewe mama, zako zimeota wapi? Naona kwenye kidevu."

Watu wakapasuka kicheko. Yule mama akasonya, akaenda kwa karani wa ghala. Ilikuwa dhihaka nzuri, na niliisikia, na haikunisaidia kitu. Niliondoka kabla ya muda wa kutoka, na kesho yake sikwenda, wala siku zilizofuata. Nilijifungia. Nilikuwa nafikiria lori jingine, mji mwingine, Mpanda labda, ambako ningefunga kitambaa upya.

Mama wa Muze akanifuata. Aliingia bila hodi, akakaa juu ya ndoo, akajifunga kitenge changu kimoja juu ya koti lake.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi umefiwa."

"Sijafiwa."

"Basi mvivu. Sema nikawaambie wenzio."

Nikamwambia. Yote, mpaka asante, mpaka nguruwe. Kwenye nguruwe alicheka, nikakasirika, halafu nami nikacheka na machozi yakanitoka, ikawa fujo tu. Alipotulia akaniuliza, "Sasa dada, kwani unamsubiri nani?"

"Namsubiri kivipi?"

"Mtu hakai miaka yote hii kama amekalia begi stendi. Unasubiri gari gani?"

Sikutaka kumjibu. Lakini jibu nilikuwa nalo, nililijua siku zote. Nilikuwa nasubiri kijiji kitume mtu. Aje, aseme tulikukosea, kile kifurushi kilifukiwa na shemeji yako, rudi, au usirudi, lakini uishi. Niliwahi hata kumpangia huyo mjumbe mahali pa kukaa. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ndogo, nikiona aibu kuliko nilivyoona uwanjani.

Hakunicheka safari hii. "Watu wale wamekula shamba," akasema. "Mtu hatumi salamu kwa mwenye shamba alilokula. Utasubiri mpaka ulezi uote kwenye lami." Akasimama. "Mimi nina kipande kule mlimani, pembeni ya mji. Mwenyewe amehamia Mbeya, anataka pasiwe pori tu. Mimi ni mtu wa mpunga, hayo matuta yenu ya kuzika majani siyajui. Pika pombe, tuite watu."

"Pombe sipiki."

"Basi nitapika mimi, nitawaua kweli."

Kwa siku kadhaa nilibishana naye kichwani. Ningeweza kulima bila pombe, kidogo kidogo, peke yangu, mtu asijue. Au yeye aite watu, mimi nijifiche kwenye kundi. Lakini nililoweka ulezi. Sitadanganya kwamba nilipata ujasiri. Nilichoka. Nilichoka kuishi kama mtu aliyeomba udhuru akanyimwa jibu. Nilipoufunika ulezi kwa majani uchipue, nikasema kwa sauti, mle chumbani, hakuna mtu, "Nimejiruhusu." Likasikika neno la kijinga. Nikalirudia hivyohivyo.

Asubuhi yenyewe kulikuwa na ukungu, na mvua nyepesi ile inayolowesha bila kunyesha. Nikapanda na chungu mlimani kwa bodaboda, kijana wa watu anaendesha taratibu kama amebeba mgonjwa. Nikapanga mirija. Nikakoka moto. Hakuna mtu. Nikaona mama wa Muze hajafika, na wenzake wa ghalani hawajafika, na njia ni ileile tupu, nikajiambia, umerudia tena, mjinga wewe. Nikajifunika kitenge. Nilikuwa nimeshaanza kuangalia mahali pa kumwagia.

Wakaja. Niliwasikia kabla sijawaona, kwa sababu ya sauti ile ya kuita ng'ombe ikilalamikia matope. Walikuwa wanawake wa ghalani, na majembe ya kuazima. Nikawaonyesha namna ya kulaza majani na kuyafunika, na mama wa Muze akasema hajawahi kuona watu wanaozika nyasi bila katekista. Tulilima. Mikono yangu haikuwa imesahau.

Mchana tukakaa. Nikamimina maji ya moto, mvuke ukapanda, nikashika mrija mbele ya macho yao wote, nikavuta. Nikameza. Nikavuta tena ili waone vizuri, na tena, nadhani ningeendelea.

"Dada," akasema mama wa Muze, "kuonja ni kuonja. Hiyo sasa unakunywa ya wageni."

Wakacheka, mirija ikaingia chunguni, vichwa vikainama. Nilikuwa nakaribia kulia, nikasimama kuongeza kuni ili nisionekane. Ndipo nilipomwona mmoja wao, mwanamke mpole, mwenyeji wa vijiji vya huku huku juu kama mimi. Amekaa na wenzake, anacheka na wenzake, lakini mrija wake ameuweka chini. Anakunywa maji ya chupa aliyokuja nayo. Na asubuhi ile yeye ndiye aliyelima kuliko wote. Matuta yake yalikuwa mazuri kupita yangu.

Nilijua la kufanya, miguu ilikuwa imeshaanza: niende kwake, nipige goti, nimwambie mama, tazama, naonja tena, naapa kwa jina la marehemu, sina kitu, nilisingiziwa, nikubali. Watu wanane wanywe, mimi nimtafute yule asiyekunywa. Nilikuwa tayari kumpa yeye lile beseni alishike.

Nilisimama pale na kuni mkononi. Halafu nikaziweka motoni, nikachukua jembe langu, nikarudi kulima. Sikuonyesha hasira, na sikumsamehe. Nililima tu. Baada ya muda nikasikia jembe jingine nyuma yangu, ni yeye, amerudi kazini kabla ya wengine. Tukalaza majani mstari mmoja mpaka wenzetu wakaja wakiimba na ulimi mzito.

Wakati wa kuondoka alifuta jembe kwa nyasi, akanipa mkono. "Asante dada," akasema. "Shamba litazaa hili." Mkono wake ulikuwa wa moto, una malengelenge.

Labda ana vidonda vya tumbo, daktari amemkataza pombe. Labda ana nadhiri yake. Labda anaamini kabisa kwamba mimi ni mchawi, akaja kulima kwa sababu mama wa Muze alimsumbua. Aibu bado ninayo, naibeba ghalani na naibeba kanisani, nayo haina uzito mdogo kuliko zamani. Maharage yameshachanua juu ya matuta. Yule asiyekunywa ninakaa naye turubai moja karibu kila siku, tunachambua, ananipa ungo, nampa ungo. Mara nyingi swali la ule mrija aliouweka chini linanifika mpaka kwenye meno.

Sijamuuliza.